Matembezi Yetu Kandokando ya Kindu

Kuna methali isemayo: Mtembezi hula miguu yake. Maana yake ni kwamba mtu anayezurura bila kazi hapati faida, hupata uchovu tu. Methali hii ni ya kweli. Lakini si kila anayetembea anazurura. Mtu akitembea huku akitazama, akiuliza na kukumbuka, miguu yake humlisha. Leo nitawasimulia matembezi ya namna hiyo.

Siku moja darasani tulizungumza juu ya mji wetu wa Kindu. Nikawauliza watoto: "Mji wetu una nini?" Wakajibu upesi. Mmoja akasema: "Una ofisi za jimbo." Ni kweli, maana tangu mwaka 1988 Maniema ni jimbo, na Kindu ndiyo makao makuu yake. Wengine wakasema: "Una stesheni ya gari la moshi. Una bandari. Una uwanja wa ndege. Una Chuo Kikuu."

Nikauliza tena: "Na huko nje ya mji, mashambani, kuna nini?"

Kimya. Kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akasema: "Mwalimu, huko hakuna kitu. Kuna mihogo tu na watu wasiojua kusoma." Wenzake wakacheka.

Mimi sikucheka, wala sikumkaripia. Nikasema: "Vema. Jumamosi tutakwenda kukitazama hicho ambacho si kitu. Kila mmoja alete maji ya kunywa, kofia na daftari. Na wewe, kijana wangu, tukirudi utatueleza tulichokiona."

1. Mto na reli

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulikutana ukingoni mwa mto. Ilikuwa mwezi wa kumi, wakati wa mvua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ng'ambo haikuonekana. Tulisikia tu sauti za wavuvi na makafi yao yakigonga mbavu za mitumbwi.

Nikawaambia watoto: "Tazameni mto huu. Ramani huuita Lualaba. Ukifika chini ya maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani, huitwa Kongo. Majina ni mawili, lakini maji ni yale yale. Kutoka chanzo chake mpaka bahari ya Atlantiki mto huu una urefu wa kilomita 4,700 hivi."

Kisha nikawauliza: "Kwa nini mji wa Kindu uko hapa, wala hauko mahali pengine?" Hakuna aliyejua. Basi sikilizeni, nanyi mnaosoma.

Kutoka Kindu kwenda chini, mpaka Ubundu, maji ni mapana na matulivu. Meli zinaweza kusafiri kilomita 300 hivi bila kizuizi. Lakini kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko 7. Meli haiwezi kupita hapo. Na upande wa juu, kati ya Kindu na Kongolo, mto una miamba na maji makali mahali kadhaa. Hapo pia meli haiwezi kupita moja kwa moja.

Watu walifanya nini? Pale mto unapokataa, walijenga reli. Mwaka 1906 walimaliza reli ya kilomita 125 kutoka Kisangani mpaka Ubundu. Halafu wakajenga nyingine kutoka Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, nayo ikaisha mwaka 1910. Wafanyakazi wengi walikuwa wenyeji wa nchi hii, na kazi ile ilikuwa ngumu sana, katika misitu na mabwawa. Mwaka 1956 reli iliunganishwa na ile ya Katanga, na tangu hapo mzigo wa Lubumbashi uliweza kufika Kindu bila kuvuka bahari wala ziwa.

Basi sasa mnaona. Kindu ni kama fundo linalounga kamba mbili. Kamba moja ni mto, nyingine ni reli. Bila fundo hilo mji huu usingekuwa kama ulivyo.

2. Jinsi ya kuvuka

Mji wetu una komini 3. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, upande wa magharibi. Alunguli iko ng'ambo, ukingo wa kulia. Sisi tulitaka kwenda Alunguli, na kutoka huko kuifuata njia ya Kalima.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi mkubwa alikubali kutuvusha. Tulimsalimu: "Jambo, baba." Akatujibu: "Jambo yenu, watoto. Kaeni chini, asisimame mtu."

Watoto walistaajabu kuona kwamba hakuelekea ng'ambo. Aligeuza mtumbwi wake, akaenda juu kandokando ya ukingo, akisukuma kwa upondo mrefu. Yule kijana wa nyuma akaninong'oneza: "Mwalimu, mzee huyu amepotea njia. Alunguli iko mbele yetu."

Nikamwambia: "Ngoja."

Tulipokwisha kwenda juu mwendo mrefu, mzee akaacha upondo, akashika kafi, akaingia katikati ya mto. Maji makali yakatuchukua kwenda chini. Yeye alipiga kafi kwa utaratibu, bila kushindana nayo, na tazama, tukafika kwenye gati ya Alunguli sawasawa, kama jiwe lililorushwa kwa shabaha.

Nikawaeleza: "Karibu na ukingo maji huenda polepole, kwa sababu yanasugua ardhi na hayana kina. Katikati yanakwenda mbio. Mzee alipanda juu mahali penye maji dhaifu, ili maji yenye nguvu yamshushe mpaka anapotaka. Kama angekwenda moja kwa moja, tungefika mbali chini ya gati. Hii ndiyo hesabu. Hakuiandika ubaoni, lakini aliipata."

Yule kijana akaandika jambo katika daftari lake. Sikuuliza aliandika nini.

3. Mihogo ndani ya maji

Tuliiacha Alunguli nyuma, tukaingia kwenye njia nyembamba kati ya mashamba. Baada ya saa moja tukafika kwenye kijito. Hapo mama mmoja alikuwa akitoa mihogo ndani ya maji. Ilikuwa laini, na harufu yake ilikuwa kali. Watoto wakaziba pua.

Mama akacheka, akasema: "Mnaziba pua hapa, lakini mezani mnafungua kinywa."

Nikamwomba awaeleze kazi yake. Akasema: "Mihogo hii ni michungu. Nikiichimba, naimenya, kisha naitia majini. Inakaa siku tatu, au nne. Ikilainika naitoa, naikamua, naianika juani mpaka ikauke kabisa. Halafu naitwanga katika kinu, nachekecha, napata unga."

Msichana mmoja akauliza: "Mama, kwa nini usiitoe baada ya siku moja? Ungeuza unga mapema."

Mama akaacha kucheka. Akasema: "Mwanangu, mihogo michungu ikitolewa mapema inaua miguu ya watu."

Watoto, maneno hayo ni ya kweli, na kila mtu anayekula ugali inampasa kuyajua. Ndani ya mihogo michungu kuna kitu kinachogeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Mihogo ikikaa majini siku za kutosha, inavunda na kulainika. Sumu hutengana na mihogo, ikatoka na maji. Inayobaki hutoka hewani wakati wa kuanika na kupika. Hata sombe, yaani majani ya mihogo, lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini katika miaka ya njaa, au ya vita, au bei ya unga inapopanda, watu hufanya haraka. Huloweka siku moja tu. Wakila unga huo siku nyingi, bila samaki, maharagwe wala nyama, baadhi yao huamka asubuhi na miguu yote miwili imekakamaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938, akieleza habari za wagonjwa wa huko Kwango, magharibi ya nchi yetu. Jina lake limetoka katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na akina mama, na aliyeupata haponi kabisa. Hauna dawa ya kuuondoa, lakini kuna njia ya kuuzuia, nayo ni ile aliyotuonyesha mama kijitoni: maji, jua na subira.

Nikawauliza watoto: "Nani alimfundisha mama huyu?" Mama mwenyewe akajibu: "Mama yangu. Na yeye alifundishwa na wake."

4. Mpunga na lugha yetu

Tulipoendelea mbele tuliona shamba la mpunga. Watoto wawili wadogo walikuwa wamekaa juu ya jukwaa la miti, wakipiga debe ili kufukuza ndege. Mpunga huu haukai ndani ya maji. Unategemea mvua tu.

Nikauliza: "Mpunga ulifikaje hapa, katikati ya Afrika?" Nao hawakujua. Nikauliza tena: "Na lugha hii tunayosema, Kiswahili, ilifikaje? Pwani ni mbali sana."

Majibu ya maswali haya mawili ni moja. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka Zanzibar na pwani, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema. Walikaa Nyangwe na Kasongo, miji iliyo upande wa juu wa Kindu. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, mtu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1905. Watu hao walileta mbegu za mpunga na lugha ya Kiswahili. Lakini walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi viliteketea.

Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikaa Nyangwe. Alitaka kujua kama Lualaba ni mto Nili. Hakupata jibu. Mwezi wa saba mwaka huo, siku ya soko, watu wa misafara waliwapiga risasi wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake, na mamia walikufa sokoni na mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaondoka kwa huzuni. Habari alizoandika zilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe, akaufuata mto, na mwaka 1877 akatokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Hapo ikajulikana kwamba Lualaba si Nili, bali ni Kongo.

Mkila wali, mkisema Kiswahili, kumbukeni kwamba vyote viwili vilipita njia za miguu kama hii, na kwamba njia hizo zilibeba mema na mabaya pamoja.

5. Watu wa njiani

Tulipumzika chini ya mchikichi, tukahesabu watu waliopita kwa saa moja. Watoto waliandika hivi.

Kwanza walipita vijana wenye baiskeli. Hawakuzipanda. Walizisukuma, kwa sababu mizigo ilikuwa mizito: magunia ya mpunga, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi. Baiskeli moja hubeba karibu kilo 100. Msukumaji hufunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuiongoza akiwa kando.

Halafu akaja baba mwenye magunia ya makala. Alituonyesha jinsi ya kuyachoma. Miti hukatwa, hupangwa vizuri, hufunikwa kwa majani na udongo, na huachwa tundu dogo tu la hewa. Moto ukipata hewa nyingi, kuni huwa majivu. Ukipata hewa kidogo, huwa makala. Baba huyo alisema: "Zamani nilichoma karibu na mto. Sasa natembea saa tatu kabla ya kuona mti wa kufaa." Mji unakua, na kila nyumba inapika. Msitu hauna miguu, lakini kila mwaka unasogea mbali. Na mahali ulipotoka, mvua hupiga udongo mtupu, na mifereji mirefu hufunguka. Hata katika mji wetu mmeona mitaa iliyokatwa na mifereji kama hiyo. Ndiyo maana panapofunguka mfereji, watu wenye akili hupanda nyasi na mianzi mapema, kabla mfereji haujawa bonde.

Mwisho akapita kijana aliyevaa shati safi, na gunia la unga mabegani. Tulimsalimu. Akatuambia kwamba yeye ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu. Kila mwisho wa mwezi hurudi kijijini kwa wazazi wake kuchukua chakula. Gunia lile lilikuwa chakula chake cha mwezi mzima.

Nikamtazama yule kijana wetu wa nyuma. Alikuwa akilitazama gunia.

6. Mzee akataa

Saa tisa tulikuwa tumerudi kwenye gati ya Alunguli. Jua lilikuwa linawaka juu ya Kindu, na mto ulikuwa umetulia kama kioo. Mzee wetu alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wake. Tukamwambia: "Baba, tuko tayari."

Akasema: "Bado."

"Bado kwa nini?"

"Mvua inakuja."

Watoto wakatazama magharibi, upande wa kwao. Hakuna wingu. Walinung'unika, maana walikuwa na njaa. Mzee hakuwajibu. Alikuwa anatazama nyuma, upande wa mashariki, ambako miti mirefu ilificha anga. Akasema: "Sikilizeni. Ndege wamenyamaza. Tangu muda kidogo upepo umekufa. Ukirudi, utarudi na baridi."

Kando yetu vijana wawili walikuwa na mtumbwi wenye mashine. Wao waliita: "Twende! Twende! Mashine haiogopi mvua!" Watu wachache walipanda. Miongoni mwao alikuwa yule mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Alikuwa na haraka. Mzee akamwambia: "Mwanangu, ngoja." Yeye akajibu kwa heshima: "Baba, nina kazi ya kuandika usiku huu." Akapanda na gunia lake.

Hawakufika katikati. Upepo wa baridi ulitujia kwa nyuma, miti ikainama, na kioo kile cha maji kikavunjika kikawa mawimbi. Wingu jeusi likatokea juu ya miti. Sisi tulikimbilia chini ya banda la wauzaji. Tuliwaona wale vijana wakigeuza mtumbwi. Mawimbi yalipiga ubavu, maji yakaingia, watu wakaanza kuyatoa kwa mabakuli na kwa mikono. Ili wapunguze uzito, walitupa mizigo mtoni. Gunia la unga lilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo.

Tunashukuru kwamba wote walifika ukingoni wazima. Mzee wetu aliingia majini mpaka kifuani, akashika kamba yao, akawavuta.

Kwa nini upepo wa baridi hutangulia mvua? Sababu ni hii. Mvua inayoanguka kutoka wingu refu huipoza hewa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Kwa hiyo huanguka chini, na ikigusa ardhi husambaa mbele kwa nguvu, kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ndiyo maana mtu huusikia ubaridi kabla ya kuona tone. Mzee hakupata maneno hayo kitabuni, lakini alama zake alizijua zote. Kama wazee wanavyosema: Usimtukane mamba kabla hujavuka mto.

7. Chini ya banda

Mvua ilinyesha saa nzima. Mwanafunzi alikaa kimya, nguo zake zikichuruzika maji. Ili kuwatuliza watoto, niliwasimulia habari za mji mwingine wenye Chuo Kikuu.

Nikawaambia: "Huko Uingereza kuna mji uitwao Oxford. Watu wamefundishwa huko kwa zaidi ya miaka 900. Una vitabu vingi na wataalamu wengi. Lakini mnajua maana ya jina lake? Ni kivuko cha ng'ombe. Hapo kale palikuwa mahali penye maji machache, ambapo wakulima walivusha ng'ombe wao mtoni. Mji mwingine wa Chuo Kikuu ni Cambridge, na ndani ya jina lake mna neno daraja, yaani daraja la mtoni. Mnaona? Kabla ya kitabu kulikuwa na kivuko."

Nikaendelea: "Na mpaka leo, kuzunguka miji ile kuna njia za miguu zinazopita katikati ya mashamba. Sheria inamruhusu kila mtu kuzifuata, hata kama shamba si lake. Inampasa asiharibu mazao, na ayaache malango kama alivyoyakuta. Wanafunzi na walimu wao hupenda kutembea huko siku za mapumziko, kutazama mito, ndege na vijiji. Hawaoni aibu kutembea mashambani."

Yule mwanafunzi aliinua kichwa, akamwambia mzee: "Baba, nisamehe. Nimesoma vitabu vingi, lakini mto sikuusoma."

Mzee akajibu: "Mto haujakasirika. Umechukua unga, umekuachia roho."

Kisha nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mama mmoja aliyekuwa akiuza unga chini ya banda alichota bakuli moja, akalimimina katika mfuko. Akampa jirani yake mfuko ule, naye akaongeza bakuli lake. Mfuko ukazunguka banda lote. Uliporudi haukuwa gunia, lakini ulitosha siku nyingi. Wakampa mwanafunzi. Mama wa kwanza alisema tu: "Huu umelowekwa siku nne. Kula bila hofu."

Mvua ilipokwisha, mzee aliutazama mto, akasema: "Sasa." Tukapanda wote, na mwanafunzi pamoja nasi. Tukaenda juu kandokando ya ukingo, kisha tukakata maji. Safari hii hakuna aliyesema kwamba mzee amepotea njia. Tulipofika, yule kijana wa nyuma alishuka wa mwisho. Akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, akasema: "Aksanti, babu."

8. Siku ya Jumatatu

Jumatatu nilimwita kijana mbele ya darasa. Akachukua chaki, akachora sahani. Ndani ya sahani akachora ugali, sombe na samaki. Kisha akachora mistari.

Kutoka kwenye ugali mstari ulikwenda mpaka kijito cha mihogo, ng'ambo ya mto. Kutoka kwenye sombe mstari mmoja ulikwenda shambani, na mwingine kwenye mchikichi wa mawese. Kutoka kwa samaki ulikwenda mtoni. Kutoka kwenye moto ulikwenda mpaka tanuru la makala, saa tatu za mwendo. Kutoka kwenye chumvi ulifuata reli kwenda kusini. Akatukumbusha kwamba vita vya mwaka 1998 hadi 2003 viliikata njia ile, na kwamba hata siku hizi gari la moshi likichelewa, bei za vitu hupanda sokoni.

Juu ya kila mstari alichora mtu mmoja mdogo. Akasema: "Nilisema kwamba mashambani hakuna kitu. Nilikosea. Kila kitu ninachokula kina njia, na kwenye kila njia kuna mtu. Mtu huyo akisahau kazi yake, au akifanya haraka, sisi wa mjini tunalala njaa, au tunaugua."

Sikuongeza neno. Picha ile ilikaa ubaoni juma zima.

Nanyi, watoto mnaosoma, fanyeni vivyo hivyo. Mkipata siku ya mapumziko, mwombeni mkubwa mmoja awaongoze nje ya mji. Msiende peke yenu, wala msivuke mto bila ruhusa. Salimuni watu mnaokutana nao. Ulizeni kwa adabu. Msikanyage mazao ya mtu. Mkirudi, andikeni mliyoyaona kabla hamjalala, maana macho husahau upesi.

Maswali

1. Kwa nini mji wa Kindu umejengwa mahali ulipo?
2. Kwa nini mzee alipanda juu kandokando ya ukingo kabla ya kuvuka?
3. Mihogo michungu hulowekwa siku ngapi? Ni ugonjwa gani huwapata watu wakifanya haraka?
4. Mpunga na Kiswahili vilifikaje Maniema?
5. Ni alama gani zilimwonyesha mzee kwamba mvua inakuja?
6. Chora sahani yako ya jana jioni. Onyesha njia ya kila chakula, na mtu aliye kwenye njia hiyo.